Mwacheni Akae Anavyotaka: Majibu kwa Walioandika Kuhusu Majeraha ya Uso na Pumzi

Wasomaji wapenzi, safu iliyopita ilipogusia ajali za bodaboda nilitarajia barua kuhusu miguu na mikono iliyovunjika. Nyingi zilizokuja ziliuliza kuhusu uso: taya lililopasuka, pua iliyobonyea, damu inayojaa kinywani, na hofu ya kumwona mtu akikosa hewa wakati kifua na mapafu yake ni mazima. Nimechagua barua sita na kuzifupisha. Mimi ni daktari wa usingizi, na kazi yangu ya kila siku ni kulinda pumzi ya mgonjwa asiyeweza kuilinda mwenyewe, kwa hiyo nitajibu kwa upande huo. Habari za mishono, makovu na meno nawaachia wenzangu wa upasuaji wa kinywa, taya na uso.

Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Kahama. Mwenzetu wa kijiweni alianguka usiku akajipigiza uso kwenye ukingo wa kalavati. Tulimpakia kwenye gari la abiria tukamlaza chali kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu. Kila mara alitaka kuinuka, nasi tukamshika kwa nguvu tukidhani amechanganyikiwa. Kabla hatujafika kituo cha afya alianza kukoroma, halafu akanyamaza. Muuguzi alimgeuza ubavu palepale mlangoni, damu nyingi ikamwagika kutoka mdomoni, akavuta pumzi. Amepona, lakini mimi silali vizuri. Je, ni sisi tuliotaka kumuua?

Marahaba, ndugu yangu. Hapana, hamkutaka kumuua. Mlimwokota usiku, mkatafuta gari, mkamfikisha mahali penye muuguzi aliyejua la kufanya, na hayo ndiyo yaliyomfanya awe hai leo. Lakini umeuliza kwa moyo mweupe, nami sitakuficha: mkoromo ule ulitokana na kumlaza chali na kumzuia asiinuke.

Weka kidole chako chini ya kidevu, katikati, kisha sukuma ulimi wako mbele ugonge meno. Utahisi msuli ukikaza. Msuli mkuu wa ulimi umeshikizwa nyuma ya mfupa wa kidevu, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, na kigingi kikiwa imara ulimi haurudi nyuma kuziba koo hata mtu alale namna gani akiwa macho. Taya la chini likivunjika pande zote mbili karibu na kidevu, kigingi kimeng'oka. Kipande cha mbele kinavutwa nyuma pamoja na ulimi, na mgonjwa akilazwa chali ulimi huanguka kwa uzito wake juu ya tundu la hewa. Hapo hapo damu ya puani na ya ufizi, ambayo angeitema au ingechuruzika nje kama angeinama, inatiririka kuelekea koo, ikiwa na vipande vya meno, mate na matapishi. Mtu mzima ana damu ya takriban lita 5, na anaweza kupoteza nusu lita akaendelea kuzungumza nawe. Lakini donge la damu la ukubwa wa kidole gumba likikaa juu ya tundu la hewa, ubongo unaweza kuanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Kwa sababu hiyo uso ukiumia tunahofia kwanza njia ya hewa, ndipo tunahesabu damu iliyopotea.

Mwenzenu alijua hayo bila kufundishwa. Mgonjwa aliyeumia uso anayekataa kulala chali, anayejivuta akae, ainame, ateme, anawaambia kwa mwili jambo asiloweza kulisema kwa mdomo, yaani kwamba akilala anazibwa. Nimewaona wagonjwa wa namna hii wakishikwa na watu wanne, wote wenye nia njema, huku wakipigana kama mtu anayezama. Kuhangaika huko mara nyingi ni dalili ya kukosa hewa, na ukaidi unaoonekana kuisha ghafla unaweza kuwa ni nguvu zilizoisha. Kwa hiyo, ikiwa ana fahamu, mwacheni akae anavyotaka. Mwinamisheni mbele, viwiko juu ya mapaja, uso ukitazama chini, na mmoja wenu amshike mabega asianguke. Damu ichuruzike sakafuni, gari litaoshwa.

Kama hana fahamu, mlazeni ubavu, mdomo ukielekea chini ili vinavyotoka vitoke. Kwa kuwa pigo lililovunja uso linaweza kuwa limeumiza na shingo, mgeuzeni kwa pamoja kama gogo: mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili akihakikisha pua inafuata kitovu, wengine wageuze mabega na nyonga kwa wakati mmoja. Msimvute kichwa nyuma. Mkisikia anakoroma, mtu aliye upande wa kichwa aweke vidole nyuma ya pembe za taya, chini ya masikio, alisukume mbele. Ikiwa taya limevunjika kiasi kwamba hakuna cha kusukuma, shikeni ulimi kwa kitambaa safi na kuuvuta mbele taratibu, mkiushikilia mpaka mfike. Ondoeni kinachoonekana mdomoni, jino lililolegea au meno ya bandia yaliyovunjika, lakini msiingize kidole kupapasa msichokiona, kwa sababu mnaweza kukisukuma ndani zaidi. Msijaze vitambaa kinywani kwa nia ya kuzuia damu. Msimpe maji, soda wala chai, hata akiomba.

Jambo moja tena kwa wenzako wa kijiweni. Meno mliyoyaokota msiyatupe, bali yatieni kwenye maziwa, kwani mengine huweza kurudishwa, nasi hospitalini tunayahesabu. Jino lisiloonekana kinywani wala mfukoni mwa msindikizaji, tunalitafuta kwa picha ya kifua, kwa maana huenda limevutwa mapafuni.

Na karatasi ya polisi, PF3, isiwacheleweshe. Mmoja wenu aifuatilie kituoni wakati wengine wanaelekea hospitali.

Daktari, je, tumvue helmeti majeruhi wa pikipiki au tumwache nayo? Mimi ni msomaji wa Arusha.

Kama anapumua vizuri, anaongea na hatapiki, mwacheni nayo mpaka afike kwa wenye ujuzi. Helmeti ya kufunika uso mzima iliyoziba mdomo wa mtu anayekoroma, anayetapika au asiye na fahamu lazima itolewe, kwa sababu shingo ya mtu aliyekufa kwa kukosa hewa haina faida ya kulindwa. Itolewe na watu wawili: mmoja aliyepiga magoti kifuani mwa mgonjwa anashika taya kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono mwingine, wa pili aliye upande wa kichwa anafungua mkanda, anatanua mbavu za helmeti na kuitoa polepole, akiiinua kidogo mbele ili ipite pua. Kichwa kisining'inie hata kidogo. Nimalizie kwa kusema kwamba helmeti ya bakuli, ile inayoacha uso wazi, hulinda fuvu na kuliacha taya bila kinga.

Mimi ni mama wa Mombasa. Mume wangu aligongwa na mlingoti wa jahazi usoni na shingoni. Alifika hospitalini akitembea na akizungumza, akapimwa, akaambiwa hali ni nzuri. Baada ya saa chache sauti ikakwaruza, akaanza kupumua kwa mlio, mara wakamkimbiza chumba cha upasuaji na kumtia mrija. Wifi zangu wanasema hospitali ndiyo iliyomharibu, maana aliingia mzima. Wana haki?

Pole sana, mama. Sijamwona mgonjwa wala faili lake, kwa hiyo sitamhukumu mtu. Lakini ulichokieleza nimekiona mara nyingi, na kinaweza kutokea bila mtu yeyote kukosea.

Uso na shingo vina mishipa mingi ya damu na nyama laini. Vikipigwa, havivimbi mara moja. Uvimbe huongezeka saa baada ya saa, na kwa kawaida hufikia kilele kati ya saa 24 na 48. Ukiangalia shavu unauona, ila ulimi, sakafu ya kinywa na kuta za koo huvimba vilevile, na huko hakuna nafasi ya ziada. Damu inayovujia ndani ya shingo nayo hulisukuma bomba la hewa upande mmoja. Mtu anayezungumza maneno kamili ana njia ya hewa iliyo wazi kwa dakika ile anayozungumza. Hakuna anayeweza kuapa kwamba itabaki wazi usiku wa manane. Kwa hiyo hatumpimi mara moja tukaenda zetu. Tunarudi, tunamwambia ataje jina lake na la mamaye, tunasikiliza sauti imebadilika vipi.

Pigo la shingoni lina hatari yake ya pekee. Zoloto, yaani sanduku la sauti, limejengwa kwa gegedu, yaani mfupa mlaini, na gegedu likipasuka dalili za mwanzo ni ndogo: sauti kukwaruza, maumivu ya kumeza, makohozi yenye damu, na ngozi ya shingo inayotoa mlio mdogo chini ya vidole, kama unapobonyeza mchanga mkavu, kwa sababu hewa imevuja chini yake. Mlio wa kuvuta pumzi, unaofanana na mluzi, ni dalili kwamba njia imekwisha kuwa nyembamba. Katika hali hiyo kumkimbiza chumba cha upasuaji akiwa bado anapumua mwenyewe ni uamuzi ninaouunga mkono. Mrija unaowekwa mapema, mtaalamu akiwa tayari na vifaa viko mezani, una hatari ndogo kuliko mrija unaotafutwa ndani ya koo lililovimba taa zikiwa hafifu na kila mtu akipiga kelele.

Waambie mawifi, kwa upole, kwamba kifaa cha kidoleni kinachosoma oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri mpaka dakika za mwisho, hasa kwa mgonjwa aliyewekewa oksijeni. Namba hushuka baada ya njia kuziba, kwa hiyo anayesubiri namba ishuke ndipo achukue hatua amechelewa.

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya cha vijijini. Nina mashine moja ya kunyonya, mfuko wa kupumulishia na maski, mirija mifupi ya mdomoni, laringoskopu, yaani kifaa cha kutazamia koo, na ketamini, dawa ya usingizi. Hatuna bingwa. Mwezi uliopita nilipokea kijana aliyepigwa teke na punda. Uso wote wa kati ulikuwa ukicheza nikiushika, damu puani haikatiki, maski haikai. Nilisitasita kwa kila jambo. Naomba uniongoze, na uniambie kama ni kweli kwamba mrija wa puani ni marufuku kabisa.

Ndugu yangu tabibu, barua yako ndiyo iliyonifanya niombe kurasa za ziada. Kusitasita kwako ni kwa mtu anayeelewa anachokitazama.

Uso unaocheza ulioushika una historia yake. Mwaka 1901 mpasuaji Mfaransa wa mji wa Lille, René Le Fort, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa kupiga nyuso za maiti kwa namna mbalimbali na kisha kuchunguza mifupa. Aligundua kuwa uso wa kati hauvunjiki ovyoovyo bali hufuata mistari mitatu ya udhaifu: wa kwanza unatenganisha kaakaa na meno ya juu na uso uliobaki, wa pili unapanda kama piramidi hadi kwenye daraja la pua, na wa tatu unautenga uso mzima na fuvu. Kwa mlinzi wa pumzi jambo la maana ni hili: sakafu ya fuvu ina mteremko wa kwenda nyuma na chini, kwa hiyo uso uliokatika unaweza kuteleza kwenye mteremko huo na kuziba nyuma ya pua na kaakaa. Ukiona uso umekuwa bapa na mrefu, meno ya mbele hayakutani, na mgonjwa anapumua kwa shida, ingiza vidole viwili mdomoni nyuma ya kaakaa gumu na uuvute uso mbele kwa uthabiti. Mara nyingine tendo hilo peke yake hufungua njia, na damu pia hupungua kwa sababu mifupa imerudi karibu na mahali pake.

Kabla ya lolote kati ya hayo, mkao. Niliyomwambia dereva wa Kahama nakwambia na wewe: akiweza kukaa, akae. Mpe oksijeni akiwa ameketi, ncha ya mashine ya kunyonya iwe mkononi mwake mwenyewe ikiwa ana fahamu. Atajinyonya vizuri kuliko utakavyomnyonya, kwa sababu anajua damu iko wapi. Ijaribu mashine kabla ya kuihitaji, na uwe na bomba la sindano kubwa lenye mpira kama akiba umeme ukikatika.

Maski haikukaa kwa sababu maski hutegemea mifupa. Unapoibana juu ya uso uliovunjika unausukuma uso nyuma, unaziba njia unayotaka kuifungua. Tumia mikono miwili kulivuta taya la chini mbele kuifuata maski, badala ya kuikandamiza maski chini, na mwenzako abinye mfuko taratibu. Mrija mfupi wa mdomoni unafaa kwa asiye na fahamu kabisa. Kwa aliye na fahamu utamtapisha, na tumbo lake limejaa damu aliyoimeza. Mchukulie kila majeruhi wa uso kuwa ana tumbo lililojaa, hata kama hajala tangu jana.

Kuhusu puani: tunauepuka mrija wa puani, uwe wa hewa au wa kulishia, kila tunaposhuku kwamba sakafu ya fuvu imevunjika, kwa kuwa imewahi kutokea mirija ikapita kwenye ufa na kuingia ndani ya fuvu. Dalili za kutazama ni weusi kuzunguka macho yote mawili kama miwani, maji maangavu yasiyo makamasi yanayotoka puani au sikioni, damu sikioni, na baadaye wekundu-zambarau nyuma ya sikio ambao huweza kuchelewa hata siku nzima kuonekana. Kutoziona dalili hizo saa ya kwanza hakukuhakikishii usalama. Kwa uso wa kati unaocheza na kituo kisicho na picha, mimi nisingepitisha mrija wa hewa wala wa kulishia puani.

Damu isiyokatika, baada ya njia ya hewa kuwa salama, huweza kuzuiwa kwa kujaza chachi puani kwa uangalifu. Wenye uzoefu hutumia katheta ya Foley, yaani mrija wa mkojo wenye puto nchani, iliyopitishwa puani na puto lake kujazwa maji nyuma ya pua. Usifanye hivyo mgonjwa akiwa hana njia ya hewa iliyolindwa, kwa kuwa utageuza mkondo wa damu kutoka puani kwenda kooni.

Sasa ketamini na laringoskopu. Ketamini ni rafiki wa vituo vyetu kwa sababu mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe, ingawa huongeza mate, na dozi kubwa iliyosukumwa haraka huweza kusimamisha pumzi. Tatizo huanza na dawa za kulegeza misuli. Usimnyang'anye mgonjwa pumzi ambayo huna uhakika wa kumrudishia. Kama unajua maski haikai na ndani ya koo kuna damu, ukimlegeza na kisha usione nyuzi za sauti, umebakiwa na dakika chache na njia moja tu. Mgonjwa anayepumua akiwa ameketi, hata kwa kelele kidogo, ambaye oksijeni yake inatosha, mara nyingi ni salama zaidi kusafirishwa hivyohivyo, akiinama, muuguzi pembeni na mashine ya kunyonya inayotumia betri au ya kukanyaga, kuliko kujaribiwa mrija na mtu mmoja usiku. Piga simu mapema hospitali ya rufaa, ukiwa wa Kanda ya Ziwa kwa Bugando, wa Kaskazini kwa KCMC, wa Pwani kwa Muhimbili, ueleze kwamba ni tatizo la njia ya hewa. Neno hilo lina maana kubwa kwa anayepokea simu kuliko maneno ajali ya uso.

Njia hiyo moja iliyobaki ni mbele ya shingo. Papasa shingo yako sasa hivi: kikoromeo kinachotokeza, teremsha kidole, utaangukia kibonde kidogo kabla ya gegedu linalofuata. Chini ya ngozi ya kibonde hicho kuna utando mwembamba, na nyuma yake kuna hewa. Kwa mtu mzima ambaye hapumui na hapumulishiki kwa njia yoyote, kisu, kijiti laini cha kuongozea na mrija mwembamba wa namba 6 kupitia utando huo humwokoa ndani ya dakika moja. Kwa mtoto mdogo kibonde hicho ni kidogo mno na kisu hakitumiki; hutumika sindano nene, tena kwa muda mfupi. Usijifunze hili kwa kusoma jibu langu. Omba mafunzo kwa mkufunzi wa hospitali ya mkoa, kisha nenda buchani uombe koo la mbuzi au kondoo pamoja na zoloto lake, nawe uweke mrija huo mara kumi, mara ishirini, mpaka vidole vipate kibonde macho yakiwa yamefumbwa. Mimi hufanya hivyo na wanafunzi wangu, na mchinjaji wetu ametuzoea.

Kaka yangu amevunjika taya la juu, la chini na pua. Madaktari wanataka kumtoboa shingo kabla ya upasuaji. Mama analia, anasema shingo ikitobolewa mtu hasemi tena. Kwa nini wasipitishe mrija mdomoni kama kwa wagonjwa wengine? Msomaji wa Dodoma.

Mpe mama pole, na umweleze kwamba sauti ya mwanawe haikatwi. Tundu la shingoni huwekwa chini ya nyuzi za sauti. Mrija ukiwa ndani, hewa hutoka shingoni bila kuzipitia nyuzi hizo, kwa hiyo mtu hana sauti kwa siku hizo; mrija ukitolewa, hewa inarudi njia yake na sauti pia. Kidonda hufunikwa kwa bandeji na kwa kawaida hujifunga chenyewe ndani ya siku chache hadi wiki chache, kikiacha kovu dogo.

Kuhusu mdomo: mpasuaji anayeunga mataya hana kipimo bora kuliko meno yenyewe. Akiyakutanisha meno ya juu na ya chini kama yalivyokutana kabla ya ajali, mifupa imerudi mahali pake. Mrija ukiwa katikati ya meno hawezi kuyakutanisha. Kwa wagonjwa wengi wa taya tunapitisha mrija puani, lakini kaka yako pua nayo imevunjika, na inawezekana wanashuku sakafu ya fuvu. Ipo njia ya tatu, aliyoieleza mpasuaji Mhispania Francisco Hernández Altemir mwaka 1986: mrija unaingia kooni kama kawaida kupitia kinywa, kisha ncha yake ya nje inapitishwa kwenye mkato mdogo chini ya kidevu, kinywa kinabaki kitupu, na mwisho wa upasuaji unaondolewa. Ni njia nzuri kwa mgonjwa atakayeamka mara na kupumua mwenyewe. Kwa mwenye jeraha la kichwa, au anayetarajiwa kuhitaji mashine ya kupumulia kwa siku nyingi, tundu la shingoni lina usalama zaidi. Muulizeni daktari wenu ni sababu ipi kati ya hizo inayomhusu. Ni swali la haki na halimkosei heshima.

Akirudi wodini na mrija, ndugu wanaomtunza wajue mambo machache. Hewa ya shingoni haipashwi joto wala kulowanishwa na pua, kwa hiyo makohozi hukauka na kuziba. Mrija mdogo wa ndani uoshwe kama muuguzi alivyoelekeza, kitambaa chepesi chenye unyevu kifunike tundu, na maji ya kuoga yasiingie humo. Mpeni daftari na kalamu. Mgonjwa asiye na sauti na asiye na kalamu huogopa kuliko mnavyodhani.

Nimefungwa mataya kwa waya, nimeambiwa wiki 6. Naogopa kutapika usingizini. Nifanye nini? Msomaji wa Ilala.

Hofu yako ni ya maana, na ina dawa. Dawa hiyo ni plaizi ya kukatia waya.

Kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, mwambie daktari akuonyeshe kwenye kioo waya za kukatwa. Ni zile za wima tu, zinazounganisha meno ya juu na ya chini, na kwa kawaida ni chache. Zile zilizozunguka meno kwa mlalo huachwa. Kama umefungwa kwa mipira badala ya waya, mkasi mdogo unatosha. Aonyeshwe pia mtu anayelala chumba kimoja nawe, na ashike plaizi mwenyewe mbele ya daktari, kwa sababu usiku huo wewe hutakuwa na mikono ya kutulia. Plaizi ifungwe kamba na kutundikwa kitandani mahali pasipohamishwa, na ukitoka nyumbani iwe mfukoni, hata ukienda msikitini, kanisani au sokoni tu.

Ukihisi kichefuchefu, usikimbilie kukata. Kaa, inama mbele kabisa, tanua midomo na mashavu kwa vidole. Unachokula sasa ni cha majimaji, na majimaji hupita kwenye nafasi iliyo nyuma ya magego na katikati ya meno, yakatoka. Suuza kwa maji ya chumvi baadaye. Kata ikiwa hewa haipiti, na ukishakata nenda hospitali siku hiyohiyo ukafungwe upya. Kwa wiki hizi acha pombe kabisa, usinywe vidonge vya usingizi bila daktari kujua una waya, na lala umeinuliwa mabega kwa mito miwili au umegeukia ubavu. Dawa ya kichefuchefu uliyopewa kaa nayo karibu, uinywe mapema, dalili za kwanza tu zinapoanza.